Mlinzi wa Mashamba ya Wengine

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Wimbo Ulio Bora 1:5, 6, Hosea 7:8, 9, Yohana 13:1–15, Wafilipi 2:25–30, Luka 4:16–24, Mithali 11:13.

Fungu la kukariri: Wimbo Ulio Bora 1:6. (Lisomeni pamoja darasani, sehemu ya mwisho ya fungu isomwe mara mbili.)

Kila Jumatano, katika kituo kimoja cha afya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mkunga mmoja huwakalisha wanawake kwenye benchi na kuwaeleza habari za saratani ya mlango wa kizazi. Ameifanya kazi hiyo miaka 11 na hahitaji tena kusoma kwenye karatasi. Huwaonyesha picha. Huwaambia kwamba kipimo hakina kisu wala sindano, ni siki nyepesi inayopakwa, na baada ya dakika moja jibu linajulikana. Anayesitasita humshika mkono na kuingia naye chumbani.

Jumatano moja mama mmoja aliyemsindikiza binti yake alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amejitanda khanga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na wewe mwanangu, ulipimwa lini?"

Benchi zima lilinyamaza. Mkunga alikuwa na umri wa miaka 38. Alitabasamu, akajibu, "Mama, leo ni siku yenu," akamwita wa kwanza.

Juma hili tunajifunza habari za watu wanaowahudumia wengine, na kwa nini ni vigumu kwao kuhudumiwa.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Shamba Lililobaki Bila Mlinzi

Soma Wimbo Ulio Bora 1:5, 6. Ni nani waliompa binti huyu kazi ya kulinda mashamba? Ni nini kilichotokea kwa shamba lake mwenyewe?

Binti huyu hakuwa mvivu. Ngozi yake imeungua kwa sababu ameshinda juani. Wana wa mama yake walimkasirikia, wakampa mashamba ya mizabibu ayalinde, naye akayalinda. Ni shamba moja tu lililokosa mlinzi, nalo lilikuwa lake. Wasomaji wengi hulipita fungu hili haraka ili wafikie maneno ya mapenzi yanayofuata, lakini muuguzi anayetoka zamu ya usiku anaweza kulielewa kuliko mwanatheolojia.

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika miongoni mwa watumishi wa tiba wa Hospitali ya Mulago, Kampala, kuhusu saratani ya mlango wa kizazi. Waliojibu walikuwa 285. Kati ya kila 100, watu 93 walikubali kwamba ugonjwa huu ni tatizo la afya ya jamii, na 83 walikifahamu kipimo cha Pap. Lakini kati ya kila wanawake 100 waliojibu, 81 hawakuwa wamepimwa hata mara moja, na 65 hawakujiona kuwa watu wanaoweza kupatwa. Wanaume nao waliulizwa habari za wenzi wao: ni 26 tu kati ya 100 waliosema kwamba wenzi wao walikwisha kupimwa. Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti mwingine, wa wauguzi wa hospitali moja ya mkoa nchini Tanzania. Huko pia zaidi ya wauguzi 80 kati ya 100 hawakuwa wamewahi kupimwa.

Miaka imepita tangu tafiti hizo, na huduma za uchunguzi zimesogea hadi kwenye vituo vingi vya afya. Hata hivyo zinatuachia jambo zito la kutafakari. Sehemu kubwa ya kazi ya afya kanisani imejengwa juu ya wazo kwamba mtu akijua atatenda. Hutolewa semina, vipeperushi hugawiwa, mgeni rasmi huhutubia. Watumishi wa Mulago walijua, na wengi wao hawakwenda. Ni lazima kuna kitu kingine kinachomzuia mtu njiani kati ya kujua na kupanda kitandani.

Ni "shamba" gani lako ambalo limekosa mlinzi kwa sababu umekabidhiwa mashamba ya wengine? Je, ni wengine waliokupa mzigo huo, au umeuchukua mwenyewe?

JUMATATU
Mvi Asizozijua

Soma Hosea 7:8, 9. Ni mambo gani mawili ambayo Efraimu hayajui kuhusu hali yake mwenyewe?

Hosea anasema habari za taifa lililojichanganya na mataifa, wala hasemi habari za hospitali. Lakini mfano anaoutumia ni wa mwili: nguvu za mtu zimeliwa, mvi zimemtokea hapa na pale, naye hana habari. Jirani anaziona, na mwenye kichwa haoni.

Saratani ya mlango wa kizazi huja kwa namna hiyo. Karibu mara zote chanzo chake ni virusi vinavyoitwa HPV. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi huwapata watu wengi sana, na kwa kawaida mwili huviondoa wenyewe. Vikibaki, seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole. Kutoka hapo hadi saratani kamili huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU ambaye hatumii dawa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Katika muda huo wote hakuna maumivu. Kutokwa damu kusiko kwa kawaida, majimaji yenye harufu, maumivu ya nyonga, hayo huja baadaye sana.

Hapa ndipo uzoefu wa mtumishi wa afya unapomdanganya. Wodini amewaona wanawake waliochelewa. Anaijua harufu, anazijua shuka, anakumbuka sura za waliosafiri kwa basi siku nzima kufika Ocean Road kule Dar es Salaam wakati tiba iliyobaki ilikuwa ya kupunguza maumivu tu. Kwake yeye saratani ina sura hiyo. Akijitazama na kuona hana hata moja ya dalili hizo, moyo wake unatulia. Lakini uchunguzi uliwekwa kwa ajili ya mwanamke asiye na dalili yoyote. Siki inapopakwa, sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ikiwa ni ndogo, mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto, na mama hurudi nyumbani kwa miguu yake. Kiko pia kipimo cha virusi vyenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli kwa mkono wake akiwa peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakiwa na umri wa miaka 30, na wenye VVU wakiwa na miaka 25. Lengo lililotangazwa mwaka 2020 ni kwamba ifikapo 2030 wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa kwa kipimo bora kabla ya kutimiza miaka 35, na tena kabla ya 45. Kwa makadirio ya mwaka huo wa 2020, Tanzania pekee ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii, na vifo zaidi ya 6,000.

Waadventista wana kishawishi chao cha pekee. Uchunguzi mkubwa wa afya ya Waadventista ulioanza mwaka 2002 kule Marekani na Kanada, wenye washiriki wapatao 96,000, umeonyesha kwamba kwa ujumla saratani huwapata kwa kiwango pungufu. Ni habari njema, na ni sababu ya kumshukuru Mungu. Lakini pungufu si sifuri, na virusi hivi haviingii kwa njia ya chakula. Sahani ya mboga haichukui nafasi ya kipimo.

Kwa nini mtu aliyezoea kuona ugonjwa kwa wengine anaweza kuwa wa mwisho kuuona kwake? Ni nini kinachofanana na hali hii katika maisha ya kiroho? Linganisha na Ufunuo 3:17.

JUMANNE
Petro na Beseni

Soma Yohana 13:1–15. Petro alikataa nini hasa? Kwa nini jibu la Yesu lilikuwa kali kiasi kile?

Kila robo, kabla ya Meza ya Bwana, waumini hutawadhana miguu. Wazee wa kanisa wanajua kwamba tatizo kubwa siku hiyo si kupata watu wa kuosha. Wa kuosha wapo. Tatizo ni yule anayesimama kando na kusema yeye atabeba maji, au atagawa taulo, au atamwosha mzee fulani kisha atoke. Kuinama mbele ya miguu ya mwingine kunamwacha mtu na heshima yake, hata humwongezea. Kuvua soksi na kuweka mguu wako, wenye ufa na kucha iliyokufa, mikononi mwa jirani, hilo ni jambo jingine.

Petro hakukataa kuosha. Laiti Yesu angemwambia achukue beseni, huenda angekuwa wa kwanza kulishika. Alichokataa ni kuoshwa. Aliona haifai mkubwa aguse uchafu wake. Yesu akamwambia kwamba asipomtawadha, hana sehemu pamoja naye. Ndipo Petro akaruka upande wa pili na kutaka aoshwe hata mikono na kichwa, kama mgonjwa anayedai vipimo vyote kwa siku moja baada ya kuvikimbia kwa miaka kumi. Bwana hakumpa hilo pia. Alimpa kile alichokihitaji.

Kisha Yesu akawaagiza wafanye vivyo hivyo wao kwa wao. Kiswahili kina silabi moja ndogo inayobeba agizo lote: kutawadhana. Anayeosha tu, asioshwe, hajatawadhana na mtu.

Sasa mtazame tena mkunga wa Jumatano. Kitanda cha uchunguzi anakijua, lakini anakijua kutoka upande mmoja. Akikipanda, atakayekaa kwenye kigoda ni mwenzake anayekula naye chakula cha mchana. Huyo atamwona katika hali ambayo hata mama yake mzazi hajamwona. Daftari la majibu liko kabatini, na ufunguo wa kabati unaning'inia ukutani. Saa za kliniki ndizo saa za zamu yake, hivyo ili apimwe ni lazima aombe ruhusa, na akiomba ruhusa ataulizwa sababu. Na chini ya hayo yote iko hofu moja ambayo wahudumu huisema kwa nadra: akikutwa na doa, hatakuwa tena yule anayeshika mikono ya wengine. Atakuwa mmoja wa wale wa benchi.

Haya si visingizio vya kuchekwa. Hofu hii ina uzito, na kumwita mtu mnafiki hakuiondoi. Yesu hakumwita Petro mnafiki. Alikaa pale sakafuni, taulo kiunoni, akangoja mguu.

Mara ya mwisho uliposhiriki huduma ya unyenyekevu, lipi lilikuwa gumu zaidi kwako: kuosha au kuoshwa? Kwa nini?

JUMATANO
Epafrodito Aliugua

Soma Wafilipi 2:25–30. Epafrodito alikuwa ametumwa kufanya nini? Ni nini kilichomhuzunisha, kwa mujibu wa fungu la 26?

Kanisa la Filipi lilimtuma Epafrodito kumhudumia Paulo kifungoni. Kwa maneno ya leo, yeye ndiye aliyekuwa mwuguzaji. Naye akaugua karibu na kufa. Mara nyingi husifiwa kwa kuhatarisha maisha yake, na Paulo mwenyewe anamheshimu kwa hilo. Lakini soma vizuri kilichomsumbua: alihuzunika kwa sababu watu wa nyumbani walisikia kwamba ameugua. Aliyetumwa kubeba mzigo aliona vibaya kuonekana kuwa mzigo.

Paulo hakuificha habari ile. Aliiandika katika barua ya kusomwa mbele ya kanisa zima, akasema kupona kwake kulikuwa rehema ya Mungu, kwa Epafrodito na kwa Paulo pia. Kisha akamrudisha nyumbani, akawaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha yote. Hakusema abaki kazini mpaka aanguke. Wapo waajiri, na wapo hata wazee wa kanisa, wanaolitumia fungu la 30 kumbana mtumishi aliyechoka na kuacha lile la 29.

ALHAMISI
Maneno ya Nazareti

Soma Luka 4:16–24. Ni nani waliotarajiwa kumwambia Yesu ile mithali ya tabibu? Walikuwa na nia gani?

Mithali hii hurushwa kwa wahudumu wa afya kana kwamba ni agizo la Bwana. Lakini Yesu aliitaja kama neno ambalo watu wa Nazareti wangemwambia yeye. Lilikuwa neno la mashaka, la watu waliotaka kuona maajabu kabla ya kusadiki. Luka, tabibu, ndiye peke yake kati ya waandishi wa Injili aliyeihifadhi mithali hiyo. Pengine aliwahi kuisikia zaidi ya mara moja. Kumtupia muuguzi neno hilo ni kusimama upande wa Nazareti. Tena ukweli ni kwamba tabibu hawezi kujiponya katika jambo hili. Hakuna mkunga anayeweza kujikagua mlango wake wa kizazi kwa siki. Ni lazima awepo mwingine.

Na huyo mwingine ni lazima awe mtu anayejua kunyamaza. Soma Mithali 11:13. Muuguzi mmoja anayesimulia jibu la mwenzake jikoni anaweza kuwafukuza wenzake wote kwenye kipimo kwa miaka mingi. Kanisani nako hali ni hiyo. Mwanamke akikutwa na virusi hivi, wapo watakaoanza kuhesabu dhambi zake au za mume wake. Virusi vinaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, na mtu anaweza kuvipata kutoka kwa mwenzi wa ndoa ambaye naye hajui kwamba anavyo. Jibu la kipimo halisemi ni nani aliyefanya nini, wala lini. Mchungaji anayelisema hilo mimbarani mara moja kwa mwaka atakuwa amefanya kazi ya kliniki nzima.

Wanaume wasijione wako nje ya somo. Wale wanaume wa Mulago walikuwa watu wa tiba, na robo tatu yao hawakuweza kusema kwamba wenzi wao walikwisha kupimwa. Mume anaweza kuuliza. Anaweza kubaki na watoto asubuhi hiyo, au kutoa nauli ili mkewe akapimwe kituo cha mbali ambako hakuna anayemjua. Msimamizi wa kituo anaweza kutenga alasiri moja kwa ajili ya watumishi peke yao, na kuwaalika wapimaji kutoka kituo kingine, watakaoondoka na midomo yao.

Je, kuna mtu katika kanisa lako ambaye angeogopa kukuambia jibu lake la kipimo? Umewahi kufanya au kusema nini kilichomfundisha kuogopa?

IJUMAA
Mawazo Zaidi

Yule mkunga hakulisahau swali la benchi. Jioni ile alipofunga daftari aliipitia safu ya majina, kurasa baada ya kurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe. Walikuwamo wake wa walimu, wauza nyanya, mke wa mchungaji, wasichana aliowazalisha. Lake halikuwamo.

Miezi miwili ilipita. Sabato ya Meza ya Bwana alipangwa kutawadhana na muuguzi kijana wa kituo kile kile, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfundisha kupima. Kijana alipiga magoti kwanza. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mkunga alitazama kichwa kile kilichoinama juu ya miguu yake, akasema polepole ili wa karibu wasisikie, "Mdogo wangu, Jumatano uje mapema, kabla ya watu." Kijana aliinua macho. "Umempata mgonjwa, dada?" Mkunga akasema, "Mimi."

Jumatano hiyo alipanda kitanda alichokitandika kwa miaka 11. Aligundua kwamba dari ya chumba kile ina doa la maji yaliyovuja, ambalo kila mwanamke aliyepita pale alikuwa amelitazama, na yeye hakujua kama lipo. Siki ilipakwa. Siku zote alikuwa akiwaambia wanawake kwamba dakika moja si kitu. Sasa alikuwa akiihesabu. Kulikuwa na sehemu nyeupe, ndogo, upande wa juu. Kijana alimwonyesha kwenye mchoro, kama alivyofundishwa, na mikono yake ilitetemeka kidogo. Ilitibiwa kwa joto asubuhi ile ile. Aliambiwa arudi kupimwa tena baada ya mwaka mmoja.

Saa tatu wanawake walianza kufika. Aliwakalisha kwenye benchi, akaanza na picha.

Maswali ya Kujadili

1. Orodhesheni wahudumu wa afya walio katika kanisa lenu: wauguzi, wakunga, wahudumu wa ngazi ya jamii, wanaouguza wazazi nyumbani. Kanisa limewaomba nini mwaka huu? Limewapa nini?

2. Wengine husema kwamba kupimwa ugonjwa ambao haujaonekana ni kukosa imani. Mngewajibuje kwa kutumia Hosea 7:9 na Yohana 13?

3. Idara ya afya ya kanisa ikipanga siku ya uchunguzi, mtafanya nini ili anayepimwa asijulikane jibu lake? Nani atashika daftari, na litawekwa wapi?

4. Mkunga alimchagua mtu aliyemfundisha mwenyewe. Kila mshiriki wa darasa afikirie, bila kutaja jina, ni nani ambaye angemruhusu amtunze akiwa dhaifu. Ikiwa hakuna, darasa linaweza kufanya nini kuhusu hilo?

5. Yule mama wa khanga aliuliza swali lake mbele ya watu wote. Je, alikosea? Lingeulizwaje vizuri zaidi, na nani alipaswa kuliuliza miaka 11 kabla?